Saizi ya Uso wa Mjomba

Mwanza, 11 Februari 2024

Mjomba Benedikto,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika, na huo haujanyamaza tangu nianze kubeba mizigo ya watu. Hapa ghalani hakuna jipya. Tunashusha maboksi ya vifaa vya hospitali kutoka lori hili, tunayapanga, kesho tunayapakia kwenye lori lile. Bosi anatuita "vijana", na kati yetu yumo mwenye wajukuu. Msalimie mkaza mjomba Scholastika. Karoti zake zilifika zimenyauka, nikazila hivyohivyo, maana za huku zina ladha ya maji.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Luqmani dereva ameniambia kwamba ile mashine yako ya kupumulia imekaa ukutani na umeitundikia kofia. Ukoo mzima ulichanga, Mjomba. Daktari wa Dar alikueleza mbele ya mkeo: ukilala koo linajifunga, pumzi inakatika, na ipo siku haitarudi. Ukaitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari", ukarudi Nyandira ukaigeuza kiango cha kofia. Hongera.

Luqmani anasema juzi ulisinzia mchana kweupe ukipalilia kabichi, ukaporomoka matuta mawili. Usingekuwapo ule mti wa plamu ungefika Mgeta bila nauli. Na simu hatuwezi kukupigia kwa sababu uliidondosha kwenye ndoo ya maziwa ya mbuzi ukisinzia, na nyingine hutaki. Basi tuandikiane kama watu wa zamani. Basi litaleta barua mpaka Morogoro, stendi ya Msamvu, Luqmani ataipandisha na lori lake la mboga.

Nasikia kisingizio chako ni kwamba barakoa ya mashine inavuja. Itaachaje kuvuja, kwani ni yako? Mashine tuliinunua ikiwa imetumika, barakoa ilikuja nayo, na uso wa mwenye nayo wa kwanza hatuujui. Hapa ghalani zipo za saizi zote. Humu ndani nimeweka kipande cha karatasi ngumu chenye alama. Weka ncha ya juu kwenye mfupa wa pua, katikati ya macho, halafu angalia chini ya mdomo wa chini imefika alama gani. Pima na upana wa pua. Kazi imekwisha. Mtu anayejua kupima umbali kati ya mche na mche hashindwi na pua yake mwenyewe.

Mpwa wako,
Raphael


Nyandira, 24 Machi 2024

Raphael,

Marahaba. Barua yako imezunguka na lori la Luqmani mpaka imeshika harufu ya vitunguu, lakini inasomeka, ingawa mwandiko wako bado ni ule wa darasa la tano ulipoikimbia shule. Sisi wazima. Mvua imeanza vizuri. Mbuzi mwekundu amezaa pacha. Kaburi la mama yako tumelipalilia kabla ya Kwaresima, mimi na mkaza mjomba wako, maana linayemhusu yuko Mwanza anahamisha maboksi.

Unanicheka habari ya kofia. Wewe umewahi kulala na kitu kile usoni? Upepo unatoroka pembeni, unanipuliza machoni mpaka naamka na machozi. Mke wangu akaniuliza namlilia nani. Nikikaza mikanda, asubuhi mashavu yana mistari kama mbuzi aliyevuliwa kamba. Watu kanisani wakaniuliza kama nimegombana na mtu.

Karatasi yako nimeirudisha ndani ya bahasha, iangalie. Katika nyumba hii anayepimwa huwa amelala chali na haitikii salamu. Baba yangu alipimwa kwa kamba, fundi akaenda kuchonga jeneza. Mama yako hivyohivyo. Mimi zamu yangu ikifika nitapimwa, wala sitapinga.

Tuma kubwa. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu, koti langu kubwa, kiatu changu kikubwa, na kichwa changu hakuna kofia ya dukani inayokienea. Hii iliyopo ni ndogo ndiyo maana inavuja. Huhitaji karatasi kujua hilo.

Na mtu ambaye kila mmoja anajua jina langu litamwendea, angeona haya kuulizia vipimo vyangu.

Mjomba wako,
Benedikto


Mwanza, 14 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa kaburi la mama. Nashukuru pia kwa taarifa za mbuzi. Kwa mengine yote sikushukuru.

Najua mila yetu, huna haja ya kunikumbusha kwa pembeni. Mjomba akifa, mtoto wa dada anakalishwa mkekani, anapewa jina lake na matuta yake na kesi zake zote za mipaka. Sawa. Lakini hebu fikiri kidogo, kama usingizi unakuruhusu. Ningekuwa na haraka ya jina lako ningekaa kimya tu. Koo lako linafanya kazi hiyo kila ukilala, wala halidai posho.

Habari ya kubwa. Nimemuuliza Janeth, mtunza stoo wetu. Ni msichana mwenye kucha ndefu, sisi wabebaji hutuita "nguvu kazi" kama vile hatuna majina, lakini vitu vyake anavijua. Amecheka. Anasema kila mwanamume mnene anataka kubwa. Barakoa haiangalii tumbo wala cheo. Inaangalia pua na mdomo tu. Ikiwa kubwa kuliko uso, mpira wa pembeni unapita juu ya mfupa, upepo unatafuta njia, unatokea machoni. Mtu anakaza mikanda, mpira unakunjika, uvujaji unazidi. Ndiyo hadithi yako yote, neno kwa neno, na hajakuona. Yako ni kubwa mno, Mjomba. Naandika tena ili isipotee njiani: kubwa mno.

Kama kupimwa umelala ni mkosi, basi simama. Jipime mwenyewe mbele ya kioo, uvae na koti lako kubwa ukitaka. Karatasi nimeirudisha, na ukiituma tena bila alama nitakutumia nyingine, tuone nani atachoka. Janeth anauliza pia kama unalala mdomo wazi.

Unanichoma kwamba siji. Siwezi kulala kwenye nyumba yenye mkoromo ule. Utotoni, kwenye kile chumba cha nje, nilidhani ni mlima unaporomoka kila siku na hakuna anayejali. Nikipumzika kazini nataka kulala, sitaki kusikiliza maporomoko.

Raphael


Nyandira, 2 Juni 2024

Raphael,

Marahaba. Njegere zimekubali mwaka huu ila bei imekataa. Mkaza mjomba wako anaumwa goti, anapanda kwenda kanisani akitaja watakatifu wote njiani. Luqmani alikwama na lori wiki nzima kwa sababu ya utelezi, kabichi zikamwozea, akaja kunilaumu mimi kana kwamba mvua nainyesha mimi.

Nimejipima. Jumapili, kabla ya misa, nimevaa koti, nimechana nywele, nimesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nimeweka alama kwa kalamu. Imeangukia katikati. Nimerudia nikidhani karatasi ni mbovu, ikaangukia palepale. Sielewi uso ulioongoza ukoo miaka yote hii unakuwaje wa katikati, lakini sitabishana na karatasi.

Uliuliza nalala mdomo wazi au vipi. Mambo ya mdomo wangu niachie mwenyewe.

Benedikto


Mwanza, 23 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa njegere. Goti la mkaza mjomba lipakwe dawa na lisipandishwe mlima, Mungu yupo hata bondeni.

Barakoa hii hapa, ya kati. Ilale na wewe, isilale na kofia. Uivae ukiwa umelala kitandani na mashine inapuliza, maana uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyesimama. Mikanda uikaze kiasi kidole kipite chini yake. Ndevu unyoe. Ukiona inavuja, inyanyue kidogo kutoka usoni, mpira ujae upepo, uiachie ikae yenyewe. Usipambane nayo.

Mimi nimehamishiwa kwenye maboksi mazito. Wanasema ni kupandishwa cheo.

Raphael


Nyandira, 18 Agosti 2024

Raphael,

Sisi wazima. Salamu zinatosha.

Barakoa yako nimeilalia. Machoni haipulizi tena, hilo nakubali. Lakini imehamia kidevuni, huko chini inakoroma kuliko mimi. Nikiisukuma ibane kidevu, inapanda inaniziba pua. Juzi niliamka nahangaika kama kuku aliyefunikwa na tenga, nikaivua nikaitupa, ikamwangukia mke wangu, akapiga kelele.

Nimeeleza jambo hili barazani, kwa wazee wa ukoo. Halafu mmoja, sitamtaja, akasema: "Mpwa anamletea mjomba kitu cha kumfunika pua na mdomo akiwa usingizini. Tangu lini?" Wenzake wakaangalia chini. Mimi nilitaka kukutetea. Nikatafuta neno, sikulipata, kwa sababu tangu tulipomzika mama yako hujalala hapa hata mara moja, na mtu asiyekuja nyumbani ni vigumu kumtetea.

Mwingine akasema, "Ana haraka huyo kijana."

Nimekuandikia usikie kwangu, usisikie kwa Luqmani. Mashine imerudi ukutani.

Benedikto


Mwanza, 8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, kwa sababu mama alinifundisha, si kwa sababu nyingine.

Waambie wazee wako barazani kwamba jina lako silitaki. Wagawane. Mmoja achukue "Bene", mwingine achukue "dikto". Na matuta yake wayachukue wao, wayalime na migongo yao, waone kama kuna mtu anayeua kwa ajili ya kabichi zisizo na bei.

Unataka kujua siji kwa nini? Mkoromo ni mzaha. Tulipomzika mama, nilikaa kwako siku zile. Nilisimama nje nikaangalia bati la nyumba yako lililotoboka, nikiwaza nitatuma lini mabati. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Anaipima tayari." Na wewe ulikuwa karibu ukasikia. Ukanyamaza hivyohivyo, ukitafuta neno kama ulivyolitafuta barazani. Nikaona heri maboksi. Maboksi hayanishuku.

Hayo yamekwisha. Turudi kwenye uso wako, kwa sababu kufa utakufa kweli ukiendelea hivi, na lawama zitapanda basi mpaka Mwanza zinitafute.

Nimempelekea Janeth maneno yako: haivuji juu, inavuja kidevuni, ikisukumwa inaziba pua. Hakucheka safari hii. Ameniuliza swali moja: "Mjomba wako ana meno ya bandia?" Nikasema hana, meno yake ni meupe na yamepangika kuliko ya kwangu. Akaniangalia. "Mzee wa umri huo, mlimani, meno meupe yaliyopangika?" Nikaona ninavyoonekana mjinga.

Anasema mtu akivua meno shavu linaingia ndani, na kidevu kinapanda kuikaribia pua. Uso unakuwa mfupi. Mwenye kupimwa na meno kisha akalala bila meno, amepima uso wa mtu mwingine.

Basi nakuuliza waziwazi, na unijibu waziwazi, nimechoka kubeba: ukilala unavua nini?

Kama unavua, jipime ukiwa hivyo. Ulale chali. Ndiyo, chali, kama wao. Kwenye kusimama nilikosea mimi kukuruhusu. Mkaza mjomba akupime. Ukiona aibu kuliko kufa, nijulishe tu, nisipoteze nauli ya karatasi.

Raphael


Nyandira, 20 Oktoba 2024

Raphael,

Marahaba. Goti la mkaza mjomba wako limepoa. Mbuzi mmoja kati ya wale pacha amekufa, mwingine ana kiburi.

Sasa sikiliza, na barua hii ukishaisoma iweke mahali panya watakapoifikia.

Meno ya mbele na ya juu yote si yangu. Yangu yaling'oka nilipoanguka na mzigo wa viazi pale kwenye kona ya mto, mwaka ule ulipokwenda kutafuta kazi. Niliwaambia watu naenda Morogoro mjini kwa shauri la shamba, nikarudi na meno. Usiku yanakaa kwenye kikombe chenye ua jekundu, ndiyo maana nilikuwa mkali mtu akikigusa. Anayejua ni mke wangu peke yake, na sasa wewe, na huyo msichana wa kucha ndefu ambaye hata hajanisalimia. Mkubwa wa ukoo husimama mbele za watu akaamua kesi. Nani angeniogopa nikiwa nimebonyea kama boga?

Amenipima. Nilivua, nikalala chali, nikafumba macho. Nilisema moyoni, haya, ndivyo itakavyokuwa. Mkaza mjomba wako akaweka karatasi, nikamsikia anavuta pua, nikajua analia. Nikafumbua macho. Alikuwa anacheka. Anasema, "Baba, unafanana na yule mtoto wetu wa kwanza siku alipozaliwa." Tumecheka wote wawili, mimi bila meno, mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Alama hii hapa. Soma mwenyewe, mimi siwezi kuiandika. Ni ile ya juu kabisa. Saizi ndogo. Mimi. Ndogo.

Na habari ya siku ya mazishi ya mama yako. Nilisikia. Neno nililokuwa nalitafuta nimelipata juzi nikiwa nimelala chali pale. Mzee aliyesema una haraka nimemwambia barazani, mbele ya wote: "Mwenye haraka ni wewe, maana unamzika mjomba wa mwenzio kabla hajafa." Akanuna. Anune. Limechelewa, najua. Hata mimi huwa nasinzia.

Benedikto


Mwanza, 17 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Ndogo hii hapa. Nimeitoa kwenye boksi lake lenye maandishi ili Luqmani asisome saizi akatangaza lori zima. Unaona nilivyo na heshima.

Maagizo ni yaleyale. Meno kwenye kikombe, barakoa usoni, kofia ukutani, kila kitu mahali pake. Usiyachanganye.

Neno ulilosema barazani nimelisoma zaidi ya mara moja. Boksi la leo lilikuwa jepesi, au labda mimi.

Raphael


Nyandira, 12 Januari 2025

Raphael,

Barua hii atakupa Luqmani mkononi, Msamvu, utakaposhuka kwenye basi. Najua umepanda. Tumekupigia kwa simu yake tangu jana, yako haipatikani, nadhani imekufa chaji njiani kama kawaida ya simu zenu. Kwa hiyo kabla hujafanya lolote: mimi ni mzima. Futa uso. Watu wanakuangalia hapo stendi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana Luqmani ataipaka chumvi.

Kifurushi chako kilichelewa kwa ajili ya sikukuu, nimekipata juzi. Nikavua ninachovua, nikavaa, nikalala chali. Haikuvuja juu, haikuvuja chini. Ilikaa usoni kama imezaliwa hapo. Sijui kilichofuata, kwa sababu nililala. Sijalala hivyo tangu nikiwa kijana. Hata ndoto sikuota.

Kumekucha, mkaza mjomba wako akaamka. Miaka yote ya ndoa ameamshwa na mkoromo wangu. Asubuhi hiyo akasikia kimya. Akaangalia, mtu amelala chali, mashavu yameingia, hatikisiki. Mashine hii inanong'ona tu, na masikio yake unayajua. Hakunigusa. Akatoka uani akapiga yowe.

Wakaja wote. Wakaleta mabenchi. Mtu akakata tawi la kuweka njiani, ishara ya msiba. Luqmani alikuwa anateremka na mboga, wakamsimamisha akupigie, na wewe, nasikia, hukuuliza swali hata moja. Ulisema "nakuja", ukakata simu. Fundi naye akafika na kamba yake. Yule mzee wa barazani alikuwa anaeleza kwamba alijua, alisema, kile kitu cha Mwanza ndicho kilichoniziba.

Kelele zikaniamsha. Nikadhani kuna moto. Nikatoka mbio na barakoa usoni, mpira wa hewa unaning'inia kama mkonga wa tembo. Raphael, sijawahi kuona ukoo wetu ukikimbia kwa umoja namna ile. Fundi aliacha kamba. Mzee wako wa barazani alishuka matuta yote, na upande ule hakuna mti wa plamu.

Nikaivua nizungumze, ndipo nikakumbuka kwamba meno yamo kikombeni. Wameniona, wote. Nilisimama pale uani, kinywa kitupu, nikasema: "Nilikuwa nimelala. Nani amewaita?" Hakuna aliyecheka. Nadhani bado wananiogopa. Nimegundua si meno waliyokuwa wanayaogopa.

Sasa wanasema, "Ona mpwa alivyokuja upesi." Nimewajibu kwamba mtu anayengoja kurithi hatafuti saizi.

Usigeuze basi. Luqmani anakungoja, panda mbele. Jina bado nalitumia mwenyewe, usiliguse. Lakini chumba cha nje kimefagiwa, na bati lile ulilokuwa unaliangalia bado limetoboka. Na hakuna anayekoroma tena hapa, kwa hiyo kisingizio chako kimekwisha.

Mjomba wako,
Benedikto